Bibi Arusi Chini ya Dirisha Lako

Mpendwa yaya Wilondja,

Barua hii hutaisoma, na hata mtu akikusomea sidhani kama itakufikia. Mama anasema nizungumze nawe kwa simu, yeye ataiweka karibu na sikio lako. Nimejaribu. Nikisema tu, "Yaya, ni mie," nasikia pumzi zako upande wa pili, zinakwenda na kurudi bila haraka, na maneno yote yananikaukia mdomoni. Basi nakuandikia, na nimeamua kuiacha barua wazi, anayetaka aisome. Watu wengi wa kwetu huku Marekani, kuanzia Louisville mpaka Buffalo, walijifunza kuendesha gari wakiwa wamekaa kando yako, na wengi wao hawajui umelala wapi siku hizi.

Nakuita yaya kama tulivyozoea kule Fizi, Kongo, kumwita mkubwa wetu. Unakumbuka Watanzania wa kanisani walivyotucheka, eti kwao yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto? Ulicheka nao, kisha ukawaambia, "Bon, na huyu si mimi nilimubebaka mu mugongo?" Na ilikuwa kweli. Ulinibeba kutoka Fizi mpaka ziwani, na yale mengine ya safari ile mimi na wewe tulikubaliana kuyaacha kulekule.

Nianze na Louisville, kwa sababu huko ndiko wazimu wako wa magari ulikoanzia.

Ulikuwa mtu wa kwanza kanisani petu kupata leseni, na siku uliyoipata ukakoma kuwa mtu wa nyumbani. Ukawa wa watu wote. Anayekwenda kujifungua, wewe. Anayeitwa kwenye ofisi ya wakimbizi, wewe. Anayetafuta unga wa muhogo upande wa pili wa mji, wewe. Basi dogo la kanisa lilikuwa likilala mlangoni petu, na kina mama walikuwa wakipanga magonjwa yao kufuata zamu zako za kazi. Mimi nilikuwa nakuonea huruma, lakini wewe hukuwahi kulalamika. Ukishika usukani ulikuwa unanyamaza na uso unalainika, hata mama akawa anasema hatapata mkwe, kwa kuwa umeshaoa usukani.

Jumapili ile ibada ilikuwa imekwisha na jua lilikuwa kali. Ulikuwa umebeba kwaya nzima ya kina mama, na sare zao za kitenge, kwenda kumwona mwenzao aliyejifungua upande wa magharibi wa mji. Tulipokata kona tukakutana na magari. Yalikuwa yamesuguliwa mpaka yanaumiza macho, yanakwenda polepole moja nyuma ya jingine, taa za dharura zinawaka na kuzima, honi zinalia, muziki umejaa barabara nzima, na watu wamekaa kando kwenye viti vya kukunja wakipunga mikono. Mbele ya wote lilikuwa gari jeupe lisilo na paa, na ndani yake mwanamume mweusi mnene, suti nyeupe, kofia nyeupe.

"Ndoa!" mama akapiga kelele kutoka kiti cha mbele.

Hakuna aliyebisha. Kwetu magari yakienda hivyo, taa zinawaka na honi zinalia, ni kortege, ni msafara wa arusi, na hatukujua kitu kingine chochote duniani kinachofanana nao. Na kupita kando ya arusi umefunga mdomo ni kumtakia bibi arusi mabaya.

"Bibi arusi eko wapi?" akauliza mmoja wa waimbaji.

"Eko nyuma. Bwana ametangulia, hauone?"

"Wilondja, ingia! Tutapita tu hivi kama bapagani?"

Ukawasha taa za dharura, ukaingia kwenye mstari na basi letu lenye msalaba ubavuni. Kina mama wakafungua madirisha yote, wakaanza wimbo wa kumtoa mwali, na vigelegele vikafuata. Nilidhani tutafukuzwa. Badala yake wale wa kwenye viti vya kukunja wakasimama. Wakapiga makofi, watoto wakakimbia kando yetu, na gari lililokuwa nyuma yetu likazima muziki wake ili lisikie wetu. Tukaenda hivyo mpaka kwenye bustani kubwa kando ya mto, ambako magari yote yalijipanga na kuzimwa.

Mama akashuka, akamwendea yule wa suti nyeupe moja kwa moja. Akavua kitenge chake cha begani akamvika shingoni, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambariki kwa Kibembe azae mapacha. Yule mtu alisimama tu, kofia mkononi. Ukaitwa utafsiri, na kwa Kiingereza chako cha kambi ya wakimbizi ukamweleza kwamba mama huyu anamtakia watoto wengi. Akacheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Kisha akajipangusa macho, akasema mkewe alifariki zamani, watoto wake wameshakua, na siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa anaoa. Ilikuwa Jumapili tu. Watu walikuwa wameosha magari yao wakatoka nayo ili waonekane.

Huyo ndiye Curtis, na mama hakuacha kumwita Bwana Arusi mpaka mwisho.

"Banatembea bure?" mama aliuliza tulipokuwa tunarudi. "Na mafuta yote hii?"

Kwaya nzima ilivunjika mbavu. Wewe hukucheka. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nikakuona kwenye kioo, na nikajua umeshatekwa. Miaka yote ya kambini tulihitaji kibali ili kutoka nje ya geti, na aliyetoka bila kibali alijua kitakachompata. Hapa palikuwa na watu waliotoka nyumbani bila kwenda popote, polepole, katikati ya barabara, mchana kweupe, na hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Mimi siku ile sikuwaza hayo. Wewe ndiye uliyeniambia baadaye, ukiwa umelala chini ya gari, miguu yako tu inaonekana.

Gari lenyewe lilikuwa limekaa uani kwa Curtis, nyasi zimefika madirishani. La Kijapani, jeupe, milango miwili, gia za mkono. Alikuambia ukiweza kuliwasha ni lako. Kila Jumapili baada ya ibada ulikuwa huko, shati la kanisani limetundikwa kwenye uzio, na Curtis amekaa kwenye kiti chake cha kukunja akikuelekeza kwa ncha ya mkongojo. Lilipowaka, majirani walitoka nje kutazama. Ukaliita Bibi Arusi, ukasema yule tuliyemtafuta siku ile sasa amepatikana. Na mama, yeye aliyekuwa na uchungu na mafuta ya watu, akawa wa kwanza kukaa kiti cha mbele kila Jumapili, kilemba kimefungwa vizuri, anawapungia mkono watu asiowajua.

Kisha tukahamia Columbus kufuata kazi za maghala, kama nusu ya kanisa lilivyofanya. Tulipanga Northland, karibu na Morse Road. Pale palikuwa na jengo kubwa la maduka lililokufa, na uwanja wake wa kuegesha magari ulikuwa mtupu, nyufa zimeota majani. Ukaufanya shule yako. Kina mama walikuja Jumamosi asubuhi na magari ya kuazima, na wewe uliwaanzishia wote mahali pamoja.

"Vua viatu," ulikuwa unawaambia, kwa sababu wewe mwenyewe hukuwahi kuendesha na viatu, ulisema viatu vinasema uongo. "Usikanyage kama unaua nyoka. Kanyaga kama unaamsha mutoto."

Mmoja wao, Mama Furaha, alikanyaga akapanda na gari juu ya bustani ya maua. Ulishuka, ukalizunguka gari, ukarudi ukakaa. "Donc, huyu mutoto ameamuka na hasira," ukasema. "Turudilie."

Mimi ulinifundisha klachi. Wengine wote walitaka gari linalojibadilishia gia lenyewe, mimi nilimtaka Bibi Arusi. Nilimzima katikati ya barabara mpaka nikalia, na wewe ukatazama nje ya dirisha kana kwamba hujaona. Siku niliyoweza kupanda kilima bila kumzima hukunisifu. Ulilaza kiti nyuma, ukafumba macho, ukalala usingizi mpaka nyumbani. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile.

Hakuna aliyeoa Columbus miaka ile bila gari lako. Ulilifunga riboni, ukavaa suti, ukaongoza kortege Morse Road yote, taa zinawaka, na honi yako ni ileile siku zote: fupi, fupi, ndefu. Wanawake waliokuwa dukani wananunua sombe, yale majani ya muhogo, waliisikia, wakatoka na vigelegele kabla hawajajua anayeolewa ni nani. Ulikuwa unawabeba maharusi kana kwamba umebeba mayai. Halafu kesho yake alasiri, riboni bado zimefungwa kwenye kioo, ulikuwa nyuma ya maghala unashindana.

Barabara ile ilikuwa imenyooka, na Jumapili malori yalikuwa yamelala. Walikuja vijana wa kila namna, Wasomali, Wameksiko, Wazungu wa mashambani, weusi wa hapahapa, wengi wao mlikuwa mnainua maboksi pamoja katikati ya wiki. Mara moja ulinichukua, nikakaa kando yako. Ubavuni mwetu lilisimama gari jekundu la Kimarekani, na ngurumo yake niliisikia kifuani. Ukavua viatu ukanipa nivishike. "Ukiogopa, imba," ukasema. Msichana mmoja aliyesimama mbele ya magari akashusha mikono yake kutuanzisha, na mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti. Niliimba, yaya. Niliimba wimbo wa kumtoa mwali kwa sauti yangu yote, nimevikumbatia viatu vyako, na wewe ulikuwa unacheka meno yote nje, mguu wako mtupu pale chini unakwenda na kurudi bila papara. Lile jekundu lilituacha. Ulipunguza mwendo ukampungia mkono kijana aliyeliendesha. Sijawahi kufurahi vile tena, na kwa umri huu najua sitafurahi vile tena.

Mama akapata habari, kama anavyozipata zote.

"Hii motokari iko na pepo," alimwambia mchungaji. "Inamuita mutoto wangu. Eko analala, inamuita."

Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa. Wakamzunguka Bibi Arusi pale kwenye maegesho ya nyumba zetu, wakaweka mikono juu yake, wakalikemea pepo la mwendo litoke ndani ya injini. Mtoto wa jirani aliuliza kwa Kiingereza kama gari linabatizwa. Mwisho mchungaji akamimina mafuta ya upako kwenye boneti. Ulisimama umeinamisha kichwa, na wote waliona mtu aliyepondeka moyo mbele za Mungu. Mimi nililiona jicho lako. Kabla Amina haijakauka ulikuwa umeshaleta sabuni na kitambaa, kwa sababu uliogopa mafuta yataharibu rangi. Mama hakukusemesha siku nyingi.

Kilichokuachisha mashindano si mafuta yale. Ni yule kijana wa gari jekundu. Alipinduka kwenye kona ya mwisho, Jumapili ambayo wewe ulikuwa unangoja zamu yako. Ulikuwa wa kwanza kumfikia. Ulimshika mkono mpaka wenye ambulensi walipokuja, na wao hawakuwa na la kufanya. Kuhusu siku hiyo uliniambia jambo moja tu: "Alikuwa anauliza gari yake iko namna gani." Baada ya hapo hukushindana tena na mtu yeyote. Ulibaki na arusi zako na ule mwendo wa polepole wa Jumapili, mpaka polisi wakaanza kuwazuia hata huo.

Mama alipomfuata dada yake Buffalo, wewe ukamfuata mama, kwa kuwa ndiwe mkubwa. Mimi nikabaki Columbus na watoto wangu na kazi yangu ya kuwatunza wazee. Ulichukia chumvi. Kule wanaimwaga barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma. Theluji ya kwanza ikianguka ulikuwa unamfungia Bibi Arusi ndani ya gereji nyuma ya nyumba, pale mtaa wa Kensington-Bailey, unamfunika mablanketi, wewe mwenyewe unakwenda kazini kwenye kiwanda cha Lackawanna kwa basi. Wakati mwingine ulinipigia simu ukiwa umekaa humo ndani, gari limezimwa, theluji imefika mlangoni. Nilikuuliza unafanya nini.

"Niko natembea," ulinijibu.

Mama alimaliza magoti akiomba gari lisikuue. Kanisa zima liliomba. Na wewe ulikuwa umesimama, yaya. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ulikuwa umesimama kwa miguu yako miwili kiwandani, hukimbii, hushindani na mtu, unangoja mwenzako apite, na mzigo ukakuangukia kutoka juu. Waliponipigia simu nilikuwa namlisha bibi mmoja uji. Nilimalizia kumlisha kwanza. Mikono haikujua kazi nyingine ya kufanya.

Walikuokoa, ndivyo wanavyosema. Unafumbua macho asubuhi na kuyafumba jioni, na hapo katikati nimekutafuta sana sijakuona. Daktari alimweleza mama kwa mkalimani wa kwenye simu kwamba wasitegemee mabadiliko. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba mkalimani, mtu asiyemjua hata uso, naye amkumbuke mwanawe katika maombi.

Na huku nje vitu vyako vinaondoka kimoja kimoja. Curtis alifariki. Binti yake alituambia baba yake alikuwa amekitandika kile kitenge cha mama kwenye kiti cha gari lake mpaka kikachanika. Ule uwanja wako wa shule wamejenga juu yake. Maharusi wa siku hizi wanakodi magari meusi marefu, na dereva hajui hata jina la bibi arusi. Wanangu nikiwasimulia wananijibu kwa Kiingereza kwamba sawa, mama, na macho yao hayaondoki kwenye simu. Mimi siwalaumu. Ni hadithi ya watu waliokuwa wakizunguka bila kwenda popote.

Masika haya mama akanipigia.

"Kuja uiwashe," alisema.

"Nini, mama?"

"Motokari ya yaya yako. Batoto ba hapa hakuna mwenye anajua ile klachi. Nimemuimbia, nimemusomea Biblia, mchungaji amemushika kichwa. Hasikie. Ile sauti atasikia. Ilikuwa inamuita, unakumbuka? Basi imuite."

Mwanamke aliyewaleta wazee wa kanisa kulikemea gari lile ndiye sasa alikuwa analiombea liwake. Nami kazi yangu naijua. Nimeona familia zikileta mbwa wa mgonjwa, zikileta mto wa nyumbani, zikileta kinanda. Nimewafungulia mlango, nimewasaidia kubeba, na nilijua haisaidii. Nikaomba ruhusa kazini nikaja.

Gereji ilikuwa bado inanuka wewe, sabuni na grisi. Niliondoa mablanketi. Kutu ilikuwa imeanza chini ya milango, pamoja na kujisumbua kwako kote. Betri ilikuwa imekufa, jirani wa mama akatuletea nyaya akatuunganishia na gari lake. Bibi Arusi akakohoa, akakataa, akakohoa tena, akawaka. Riboni moja ilikuwa bado imefungwa kwenye kioo, imegeuka rangi ya chai. Nikavua viatu.

Kwenye kituo unakotunzwa, chumba chako kiko ghorofa ya chini, na dirisha linatazama maegesho. Mama alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amekuvua soksi na kufungua dirisha kadiri linavyofunguka. Akaniinulia mkono. Nikakanyaga kama ulivyonifundisha, yaya, kama unaamsha mtoto. Kidogo, kisha kidogo zaidi, mpaka kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka. Nikapiga honi yako. Fupi, fupi, ndefu. Mzee mmoja wa Kimarekani kwenye dirisha la pili akaanza kupiga makofi. Kisha nikamsikia mama akipiga ukelele.

Niliingia mbio, miguu mitupu, kwenye korido ile inayong'aa. Mama alikuwa amekushika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili.

"Amekanyaga!" alikuwa analia. "Mguu ya mafuta! Amekanyaga, nimeona na macho yangu!"

Na mimi nikauona. Mguu wako wa kulia ulisogea mbele, vidole vikakaza, vikalegea. Nisikufiche, roho yangu iliruka. Kwa muda mfupi sana nilikuwa nimekumbatia viatu vyako tena.

Muuguzi akaja, dada mmoja mpole. Akautazama mguu, akasubiri, akauminya kidogo, akanitazama. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni misuli tu, kwamba hutokea, kwamba haimaanishi kitu. Aliniwekea mkono begani wakati anasema hivyo. Naujua mkono ule. Najua unawekwa wapi na unakaa kiasi gani kabla ya kuondolewa. Nimewaambia watu wengi maneno hayohayo kule Columbus, na mkono wangu ukiwa hapohapo, kisha nikarudi nyumbani nikapika.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema tujaribu tena."

Nikarudi garini. Nikakanyaga tena, na tena, mpaka moshi ukaingia chumbani kwako na wakaniomba nizime. Mguu haukutikisika. Mama akasema umechoka, tukuache upumzike, na akatoka kwenda kunawa uso. Nikakaa kando yako peke yangu, kimya, gari limezimwa, hakuna sauti yoyote. Mguu ukasogea. Ukakanyaga hewani, ukakaza vidole, ukalegea, vilevile kabisa. Sikumwambia mama.

Mama alibaki nawe. Nilimrudisha Bibi Arusi mwenyewe. Tulipofika barabara ya Bailey sindano ya joto ikaanza kupanda. Maji yalikuwa yanavuja mahali fulani, wewe ungejua ni wapi. Nikawasha taa za dharura nikaenda polepole, na magari ya nyuma yakaanza kunipigia honi za hasira. Mbele ya duka la vyakula vya kwetu walikuwa wamesimama kina mama na mifuko yao. Mmoja akaliona gari, jeupe, riboni kwenye kioo, taa zinawaka na kuzima, honi zinalia nyuma. Akaweka mfuko chini, akapiga kigelegele. Wenzake wakakidaka. Walilijua gari lile, yaya. Pengine wapo uliowabeba ndani yake. Walikuwa wananyoosha shingo watazame kiti cha nyuma.

"Bibi arusi eko wapi?" mmoja akaniita, uso umejaa furaha.

Nikabonyeza honi yako, fupi, fupi, ndefu. Wakapiga vigelegele tena, nami nikapita.

Bibi Arusi amelala gerejini sasa, mablanketi juu yake. Sikuombi uamke, yaya. Kazi yangu imeniondolea ombi hilo mdomoni, namwachia mama. Nakuaga tu, kwa kuwa hakuna siku nyingine nitakayoweza kukuaga vizuri zaidi ya leo. Kama huko uliko kuna barabara, basi iwe imenyooka, uende polepole unavyotaka, na asiwepo wa kukuuliza unakwenda wapi.

Mama alitaka kuvigawa viatu vyako vya kanisani kwa kuwa kitandani huvihitaji. Nimemkataza. Ninavyo mimi, nimevishika.

Ni mie, mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Riziki